Muuguzi wa Kitale na mgonjwa aliyepaswa kumkimbia

Saa moja na nusu asubuhi, Protus Walubengo ananawa mikono kwenye sinki la wodi ya upasuaji, katika hospitali moja ya binafsi mjini Kitale. Anasugua vidole, anasugua kucha, anapanda hadi viwikoni. Anasuuza. Halafu, jamani, anaanza kunawa tena upya.

"Ya kwanza ni ya viini," anasema bila kuinua macho. "Ya pili ni ya kujipa moyo."

Anavaa glovu, anachukua trei yenye pamba na bandeji, na kuelekea kitanda cha pembeni, karibu na dirisha, ambako pazia la kijani limefungwa. Hafungui pazia. Anasimama nje na kukohoa.

"Bi. Bimla," anamwambia mgonjwa wa kitanda jirani, "mwambie mama nimefika. Ajifunike."

Bi. Bimla ni mama wa Kihindi wa makamo ambaye mumewe ana duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini. Kutoka mto wake hadi kwenye pazia unaweza kunyoosha mkono ukafika, na aliye ndani amesikia kila neno. Hata hivyo anapaaza sauti. "Mama! Daktari nasema nafika. Funika!"

Kisha sauti nyembamba inatoka nyuma ya pazia. "Mwambie aingie."

"Nasema ingia," Bi. Bimla anamwambia muuguzi, na kucheka huku ameshika mshono tumboni.

Ndani amelala mwanamke aliyejifunika leso kichwa na uso wote. Sehemu pekee iliyo wazi ni ile ndogo chini ya mfupa wa bega, pale mpira mwembamba unapoingia kwenye mshipa mkubwa wa kifua. Juu yake unaning'inia mfuko wa kimiminika cheupe pe. Walubengo anabandua bandeji, anaangalia kama ngozi imekuwa nyekundu au imevimba, anasafisha, anabandika nyingine. Anatoboa kidole ili kupima sukari. Anatia kipimajoto kwapani huku ametazama dirishani. Masikio yake yamelowa jasho, na asubuhi za Julai hapa Kitale kuna baridi ya kutafuna mifupa.

Akimaliza anatoka kinyumenyume. Mgonjwa huyo ni mama mzazi wa mkewe.

Msomaji ambaye hakuzaliwa Bungoma huenda akauliza, kuna ajabu gani mtu kumtunza mkwewe? Basi na ajue. Kwa Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono. Hawali meza moja, hawakai chumba kimoja wakatazamana, hawaitani kwa majina. Wakikutana njiani, mmoja lazima aiache njia. Si chuki. Ni heshima iliyopita heshima nyingine zote, na mtu akiivunja huona aibu ya kutaka ardhi ipasuke immeze.

Walubengo, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, aliishika heshima hiyo barabara. Mwaka aliooa, alikuwa akitembea na mkewe kwenye njia ya kwenda sokoni Ndalu, amevaa viatu vipya, mara akamwona mkwe anakuja na kikapu kichwani. Hakungoja. Alijitosa kwenye shamba la mahindi la watu, mvua ilikuwa imenyesha, akatokea upande wa pili na kiatu kimoja.

"Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini," anakumbuka. "Lakini nilisikia baadaye mama alinisifu. Alisema binti yake amepata mtu ana adabu."

Kwa miaka kumi na minne hiyo ndiyo sifa aliyoitunza kwa mkwewe. Hakujua kwamba siku moja adabu hiyo ingetaka kumuua aliyeisifu.

Mgonjwa huyo, Mama Nekoye, ni mkulima wa Ndalu, mjane, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja. Mapema mwezi wa Juni utumbo wake ulijisokota. Alipofikishwa Kitale, madaktari walikata kipande kilichokuwa kimeoza, na siku chache baadaye pale paliposhonwa pakaanza kuvuja. Hakuruhusiwa kuweka chochote mdomoni, si uji, si chai, si tonge. Chakula chake chote kikawa kinapita kwenye mshipa.

Chakula hicho huletwa kwa gari kutoka Eldoret, kwenye mifuko yenye vyumba vitatu: sukari, mafuta na protini. Muuguzi huukunja mfuko kama anayekamua nguo mpaka kuta za ndani ziachie, vitu vichanganyike viwe vyeupe. Wagonjwa wenyewe wanakiita "maziwa". Ndugu wanaokuja na hotpoti za kuku na ugali wanakiangalia kwa mashaka, wanaondoka wakinong'ona kwamba hospitali inamshindisha mtu wao njaa.

Walubengo ndiye muuguzi aliyepelekwa Eldoret kujifunza namna ya kuwatunza wagonjwa hao. Aliporudi akawafundisha wenzake, na neno lake kila mtu wodini analijua: wa maziwa anatangulia.

"Hapa tuko wauguzi wawili na wagonjwa kama ishirini," anaeleza. "Huwezi kumhudumia kila mtu kwa wakati mmoja. Lazima uchague. Mwenye kidonda anaweza kungoja. Mwenye kutaka dawa ya kichwa anaweza kungoja. Lakini huyu wa maziwa, hiyo mpira inaingia karibu na moyo. Uchafu kidogo tu, sumu imeenea mwili mzima. Na mfuko ukiisha ghafla bila kuwekewa kitu kingine, sukari ya damu inaporomoka. Mtu anaweza kufa ukimwangalia. Kwa hivyo unaanza na yeye, kila zamu, kila saa. Ni mimi niliwaambia hivyo."

Anaikwangua meza kwa ukucha.

"Ni mimi niliwaambia hivyo," anarudia.

Siku machela ilipoingia wodini, Walubengo aliitambua leso kabla hajaona uso. Alikuwa ameinunua mwenyewe, Krismasi, akampa mkewe aipeleke nyumbani kwao. Aligeuka akaenda stoo na kukaa humo akihesabu bandeji zisizohitaji kuhesabiwa. Alipotoka, alimwendea mwenzake wa zamu, Sista Jeruto, na kumwomba wagawane kazi: yeye achukue wagonjwa wengine wote, Sista amchukue yule wa pembeni.

Sababu hakuitoa. Alimwambia mgongo unamuuma, hawezi kuinama kitanda kile cha chini.

"Mimi nikakubali, si ni mwenzangu?" anasema Sista Jeruto, mama wa Kikalenjin mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. "Nikaona huruma hata. Ati mgongo! Kumbe mgongo ni mama mkwe."

Wakati huo wagonjwa wa maziwa walikuwa wawili, Bi. Bimla na jirani yake, na mashine ya kupima matone ni moja tu. Mashine hiyo mfuko ukikaribia kuisha hulia kama kifaranga aliyepotea. Bi. Bimla alikuwa na homa, hali yake mbaya zaidi, akapewa yeye. Matone ya mama wa pembeni yakawa ya kuhesabiwa kwa macho. Kwa hivyo alihitaji macho ya mtu.

Kwa majuma mawili macho hayo yalikuwa ya Jeruto. Walubengo alifika kwa Bi. Bimla mara nyingi kwa siku, na kila mara alilipa mgongo lile pazia la kijani. Bi. Bimla aliona.

"Mimi naona huyu mtu kuja kwangu, kuja kwangu, kuja kwangu," anasema. "Kwa mama, hapana. Mimi nauliza yeye, wee daktari, huyu mama nakosea wewe nini? Yeye nyamaza tu, naangalia chini kama mtoto nakojoa kitanda."

Kisha ikaja alasiri moja ya mwisho wa Juni. Jeruto aliitwa ghafla amsindikize mgonjwa chumba cha upasuaji. Akiwa mlangoni, machela inasukumwa, alipiga kelele: "Protus! Mfuko wa mama unakaribia kuisha. Badilisha!"

"Sawa, Sista," alijibu Walubengo.

Mfuko mpya ulikuwa tayari juu ya toroli. Kutoka alipokuwa hadi kwenye pazia hata kikohozi kingefika. Alimfunga bandeji mwenye kidonda cha mguu. Akaenda kumpa mzee mmoja vidonge ambavyo vingengoja. Akabadilisha shuka ambayo haikuwa chafu. Kila alipomaliza kitu alitazama mlangoni kama Jeruto anarudi.

"Nilijiambia bado kidogo," anasema. "Nilijua ni uongo. Nilikuwa nimeona mfuko asubuhi kupitia juu ya pazia, najua kuhesabu. Lakini nilifikiria hiyo kifua iko wazi, nilifikiria mama ananiona nikimwona, miguu ikakataa. Nilimweka mwisho. Mimi! Nilimweka mama ya bibi yangu nyuma ya shuka."

Na aliyekuwa ndani ya pazia je? Alikuwa macho. Aliliona tone la mwisho likidondoka. Alijua sista hayuko, kwa sababu sauti yake haikusikika, na alijua nani yuko, kwa sababu alikijua kikohozi chake tangu siku ya kwanza. Alikuwa amelala pale majuma mawili akimsikia mkwewe akipita, na yeye pia akijifanya hamjui.

"Ningemwitaje?" anauliza, akiongea na mwandishi wa makala haya kutoka chini ya leso. "Jina yake siwezi kutaja. Nimwambie aje anione hivi, bila blauzi? Niliona heri ninyamaze. Nikaanza kusikia baridi, mikono inatetemeka, nikasema basi, kama ni kufa nife na heshima yangu."

Aliyepiga kelele ni Bi. Bimla, ambaye mila hizo hazimhusu ndewe wala sikio. Alisikia kitanda cha jirani kikigongagonga ukuta, akavuta pazia kwa ncha ya vidole, akaona mfuko umenyauka na mama analowa jasho, macho yamegeuka.

"Daktari! Maziwa ya mama nakwisha! Mama nakufa, wewe nakunja shuka!"

Wodi nzima iligeuka. Walubengo anakiri kwamba hata hapo alifika kwenye pazia akasimama. Mkono ulishika kitambaa ukaganda. Ni muda mfupi sana, anasema, lakini ndio muda anaoulalia na kuuamkia.

Kisha akaingia. Leso ilikuwa sakafuni. Alimsukumia glukosi kwenye mshipa, akamshika mkono ili usitetemeke, akamwita kwa neno la kwanza lililomjia: "Mama! Mama!" Fahamu ziliporudi, jambo la kwanza mama aliloliona ni uso wa mkwewe juu yake na mkono wake ndani ya mkono wa mkwewe. Aliuchomoa mkono, akageukia ukutani, akalia.

Walubengo aliokota leso, akamfunika, akaenda kujiripoti kwa matroni. Alipewa onyo kali. Alistahili, anasema, na zaidi. Sista Jeruto naye alimpa lake palepale koridoni, watu wakisikia.

"Nilimwambia, hata sisi kwetu tuna watu wa kuheshimiwa hivyo. Ungeniambia tu! Ningeomba muuguzi mwingine wodi ya pili, tungepanga. Hapana, wewe umeficha. Mila haikutaka kumuua huyo mama. Ni kuficha."

Ilibaki Bungoma. Mkewe, Nabwile, ni mwalimu wa shule ya msingi mjini humo na ndiko wanakoishi na watoto wao watatu. Walubengo hupanga chumba Kitale na kurudi nyumbani Jumamosi. Jumamosi ile alimweleza mkewe yote, wamesimama jikoni, sufuria ya maharagwe ikiungua.

"Sikujua nimkasirikie kwa lipi," anasema Nabwile. "Angemgusa mama tangu siku ya kwanza, ningesema hana haya. Hakumgusa, mama nusura afe. Nikamwambia, hata mimi najionea aibu, kwa sababu wiki zote hizo nilikuwa najua uko wodi hiyo na nikafurahi moyoni kwamba unamkwepa. Nilidhani ni vizuri."

Hakuna aliyekula maharagwe hayo.

Jumapili Nabwile alisafiri kwenda Kitale na kumkuta mama amekataa kila kitu. Hataki sindano, hataki mfuko. Anataka kurudishwa Ndalu akafie kwake, maana ataonekanaje tena mbele ya watu? Madaktari walisema akitolewa mpira ule hatamaliza juma. Binti alibembeleza, akalia, akachoka. Mama akakaza shingo.

Mambo yaligeukia kwa jirani tena. Jioni hiyo Bi. Bimla, aliyekuwa amepata nafuu ya kukaa, alimuuliza mama kinachomliza. Akaelezwa. Akafikiri sana, kwa sababu hata kwao, anasema, zamani mke kijana alikuwa akivuta nguo kufunika uso mbele ya baba mkwe.

"Mimi nasema, mama, kwetu uso nafunikwa lakini kazi nafanyika. Funika uso. Kifua ni ya hospitali."

Kesho yake mama alimtuma Bi. Bimla. Ujumbe ulipelekwa kwa sauti ya juu, wodi nzima mashahidi: "Mama nasema hivi. Ndani ya hii geti yeye mgonjwa, wewe daktari. Nje ya geti, wewe hapana jua yeye, yeye hapana jua wewe. Na wewe taongea na yeye kupitia mimi."

Hivyo ndivyo siku zinavyokwenda tangu wakati huo. Walubengo ndiye anayemtunza sasa, kwa ombi lake mwenyewe, na anaanza na yeye kila zamu. Asubuhi kifua, joto, sukari. Mchana mfuko. Jioni mpira. Maswali yanapita kwa Bi. Bimla na majibu yanarudi kwa njia hiyohiyo, hata yale ya kama mama amekwenda haja, na wodi imezoea kiasi kwamba wagonjwa wengine humsahihisha mkalimani akikosea.

Vicheko vipo, lakini aibu haijaondoka, na muuguzi haombi iondoke. Wenzake wakimsifu kwa kazi nzuri anainamisha kichwa. Kibao cha neno lake la wa maziwa anatangulia kilikuwa ukutani, juu ya sinki. Alikitoa. Jeruto akakirudisha.

"Alisema hastahili kusoma maneno yake," anasema sista. "Nikamwambia wewe ndio unastahili kuyasoma kuliko sisi wote."

Mama alipoombwa ruhusa ya habari hii kuandikwa, alikubali kwa sharti moja, lililoletwa kupitia kitanda cha jirani. Jina lake na la mkwewe yasiwekwe kwenye mstari mmoja. Mwandishi amejitahidi.

Saa nane mchana, siku hiyohiyo iliyoanza kwenye sinki, mumewe Bi. Bimla anafika na kiti cha magurudumu. Bi. Bimla ameruhusiwa kwenda nyumbani. Anaagana na wodi nzima, anawapa wauguzi peremende, kisha anavuta pazia la kijani na kumshika jirani yake mkono kwa muda mrefu. Akifika mlangoni anageuka.

"Sasa nani taongea?" anauliza.

Magurudumu yanaishia koridoni. Sista Jeruto yuko chumba cha dawa na Walubengo ameketi kwenye meza ya wauguzi, anajifanya anaandika. Mashine ya matone imehamishiwa kwa mtu aliyeletwa kutoka Saboti na ajali ya trekta. Juu ya pazia la kijani mfuko mweupe umebaki na kiasi cha kikombe.

Anauona. Anainuka, anachukua mfuko mpya, ananawa, ananawa tena. Anafika kwenye pazia na kukohoa, na hakuna wa kumtuma. Anafungua kinywa. Anakifunga.

"Baba Nekesa," inasema sauti kutoka ndani, ikitaja jina la mjukuu wake wa kwanza. "Maziwa inaisha. Ingia."

Walubengo anainama kama aliyepigwa. Anajifuta macho kwa bega, kwa sababu mikono ni safi, halafu anaingia.

Baadaye anamsindikiza mwandishi hadi langoni, karibu na walinzi. Madaktari wamesema pale palipovuja panaziba vizuri. Mungu akijalia, wiki ijayo mama ataanza kuonja uji, kijiko kwa kijiko, na mwezi wa nane huenda akaenda nyumbani. Walubengo na mkewe wamekubaliana kupeleka kondoo Ndalu na kuwaomba wazee waseme neno juu ya yaliyotokea, ili kila mtu arudi mahali pake.

Anaulizwa anatumaini nini hasa. Anaangalia barabarani, ng'ambo, ambako shamba la mtu limesimama kijani, limemzidi mtu kimo.

"Natumaini nitakutana na yeye tena kwa ile njia ya soko, anatembea na miguu yake, kikapu kichwani," anasema. "Nijitupe ndani ya mahindi, viatu vyote viwili vibaki kwa matope. Lakini apone haraka, kabla ya mavuno. Mahindi ikishavunwa nitajificha wapi?"